Diski mbili ndani ya sanduku moja

Mwezi huu siandiki juu ya ndoa wala juu ya malezi ya watoto, ingawa mambo hayo yataingia. Naandika juu ya diski, kile chombo ndani ya kompyuta kinachoshika maandishi, picha na nyimbo hata umeme ukizimika. Wengine watasema mchungaji ameacha kazi yake. Mnivumilie kidogo. Jambo hili lilianza na mjane, na wengi wenu mnaokaa karibu na mashimo, kule Misisi, Kamituga au Lugushwa, mnaweza kujikuta siku moja mahali alipokuwa yeye.

Alifika ofisini kwetu Uvira mwaka 2021. Mume wake alikuwa mchimbaji, na shimo lilikuwa limemwangukia. Matanga yalipoisha, ndugu za marehemu walimwambia: "Wewe hukuolewa, ulikuwa unakaa tu na ndugu yetu. Nyumba ni yetu." Naye alikuwa amefunga ndoa kanisani kwetu mbele ya watu wengi, lakini mashahidi wake, mmoja alikuwa amekufa na mwingine alikuwa amehamia mbali. Akaniambia: "Papa Pasta, siombi mengi. Nipe tu karatasi inayoonyesha ile siku, niende nayo mbele ya familia."

Sikuwa nayo. Katikati ya mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake usiku, ukashuka mjini na matope, mawe na miti. Makumi ya watu walikufa na maelfu walibaki bila nyumba. Sisi ofisi ilibaki imesimama, lakini kabati ya vitabu ilikuwa imejaa tope mpaka rafu ya pili. Vitabu vya rafu ya juu tulivianika juani siku nyingi, ukurasa kwa ukurasa, na wamama wakageuza kurasa kama wanavyogeuza ndagala. Vya chini vilikuwa uji. Kitabu cha ndoa yake kilikuwa chini. Niliandika barua ya kumshuhudia, lakini mimi sikuwa mchungaji wa kanisa lile siku aliyoolewa, na watu wa mume waliliona hilo upesi. Nyumba wakaichukua.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nikaita komiti, tukakubaliana: vitabu vilivyobaki vipigwe picha vyote, na picha ziwekwe ndani ya kompyuta moja ambayo kazi yake ni kutunza tu. Mafundi wanaiita seva ya akiba. Wamama walianza kuchangisha. Walikaanga mikate, waliuzisha ndagala za Kalundu, na yule mjane naye alileta kilo mbili ziuzwe. Ilichukua muda. Mwaka 2022 tulikuwa na dolari 600.

Sasa, mimi nilisoma shule ya Biblia, sikusoma mambo ya mashini. Tuna kijana mmoja katika kwaya anayetengeneza simu na kompyuta, huyo ndiye alikuwa mwalimu wangu, na mwanafunzi wake alikuwa mkaidi. Alikuja na makaratasi, akaniambia: "Papa Pasta, tununue sanduku la diski nne, tuweke RAID 5." Nikamwuliza RAID ni kitu gani. Akacheka kidogo, kisha akanieleza jioni mbili nzima. Nitawapa ninyi kwa ufupi yale niliyoelewa, kwa maana hata katika kariere zenu leo kuna mashirika na vyama vinavyotunza hesabu za dhahabu ndani ya kompyuta, na watu hawa huulizwa swali hili hili.

Mwaka 1988 wasomi watatu wa chuo cha Berkeley, California, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliandika kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, mtu anaweza kufunga pamoja diski nyingi ndogo za bei nafuu zifanye kazi kama moja. Hatari yake iko wazi: diski zikiwa nyingi, siku ya moja kufa inakaribia. Ndiyo sababu wakapanga namna mbalimbali za kuzifunga kusudi moja ikifa kazi isikatike. Namna hizo huitwa ngazi, na zina namba. Msidhani namba kubwa ni bora kuliko ndogo. Namba ni jina tu.

RAID 0 inagawa kila kitu vipande vipande juu ya diski zote. Inakimbia sana. Lakini diski moja ikifa, vyote vimekwenda, kama shimo lenye miti ya kushikilia ambayo mmoja ukivunjika dari lote linaanguka. Kwa vitabu vya kanisa, hapana. RAID 1 ni kioo: diski mbili, na kila neno linaandikwa kwenye zote mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Umenunua terabaiti 4 mara mbili, lakini unatumia 4 tu. Watu wanaona ni hasara.

RAID 5 ndiyo ilinipa shida kuelewa, mpaka kijana akaitafutia mfano wa sadaka. Alisema: tuna shemasi wawili wanaohesabu. Wa kwanza ameandika 7, wa pili 5, na shemasi wa tatu ameandika jumla, 12. Kitabu cha wa kwanza kikiibwa, chukua 12 uondoe 5, unapata 7. Hakuna kilichopotea, na vitabu vitatu vimefanya kazi ya viwili. Diski zinafanya hesabu ya namna nyingine, lakini mawazo ni hayo. Kwa hiyo diski 4 za terabaiti 4 zinakupa nafasi ya 12, na unaweza kupoteza diski moja. RAID 6 inaweka jumla za namna mbili, nawe unaweza kupoteza diski mbili, lakini nafasi inabaki 8. RAID 10 ni vioo viwili vilivyounganishwa, nafasi ni 8 vilevile, nayo inakimbia kuliko RAID 6 wakati wa kuandika.

Kijana alipenda RAID 5, na kwa karatasi alikuwa na haki. Mimi nilimwuliza maswali mawili ya mtu asiyejua.

La kwanza: tuna vitu vya kiasi gani? Tukahesabu. Vitabu vilivyopona vilikuwa 31, kurasa karibu 6,000. Picha ya ukurasa mmoja ni megabaiti 4 hivi. Jumla gigabaiti 24, yaani hata kadi ndogo ya simu ingezibeba. Mzigo mzito ulikuwa video za kwaya na sauti za wazee tuliowarekodi, karibu gigabaiti 600. Sasa terabaiti 12 ni za nini? Kijana akanyamaza. Nawaambia vijana, na ninawapenda, mara nyingi tunataka sanduku kubwa kwa sababu lina taa nyingi mbele.

Swali la pili lilikuwa la umeme. Diski moja ya RAID 5 ikifa, unaweka mpya, na zile zilizobaki zinasomwa zote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kusudi hesabu ya ile iliyokufa ipatikane. Diski ya terabaiti 4 ikienda kwa megabaiti 150 kila sekunde inahitaji zaidi ya saa 7 bila kupumzika, na kwa kawaida huenda polepole kuliko hapo. Ndugu mnaokaa Uvira mnajua: saa 7 za umeme bila kukatika, ni siku gani hiyo? Tena umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski moja inaweza kuwa imeshika neno jipya, na ile ya jumla ingali na jumla ya zamani. Hesabu inakuwa ya uongo na hakuna anayejua mpaka siku ya shida. Dawa yake iko, ni kuwa na ondilere, kile kisanduku chenye batri kinachoipa mashini dakika za kujifunga vizuri. Tulikinunua. Lakini batri zake katika joto letu hazikai miaka mingi, na batri ya ondilere ikichoka haipigi hodi.

Basi tukachagua RAID 1. Kioo. Nilikipenda kwa sababu ningeweza kukielewa mwenyewe: ukitoa diski moja ya kioo chetu ukaiweka kwenye kompyuta nyingine, fundi anaisoma peke yake, bila kuhitaji wenzake wala sanduku lake la zamani. (Kijana anasema si kila mashini inakubali hivyo, inategemea namna ilivyofungwa. Yetu ilifungwa na programu ya bure ya Linux, nayo ilikubali. Tulijaribu.)

Kuhusu diski zenyewe. Ziko zile zisizozunguka, SSD, nazo zinakimbia sana, ila kwa ukubwa ule ule bei yake iko juu, na ukiziacha kabatini bila umeme miaka, tena kwenye joto, maandishi yanaweza kufifia. Kwa akiba tulichukua zile za kuzunguka. Hapo nako kuna mtego. Diski nyingine zinaandika mistari yake kwa kulaliana, kama mabati ya paa, bati moja juu ya ukingo wa lingine. Hivyo vitu vingi vinaingia mahali padogo. Lakini ukitaka kubadilisha bati la chini, lazima uinue ya juu yake. Diski za namna hiyo zinafaa kwa kuweka na kuacha, lakini ndani ya RAID, siku ya kujenga upya, zinaweza kuburuta mpaka mashini ikazihesabu kuwa zimekufa. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba hata Western Digital, kampuni kubwa ya Marekani, ilikuwa imeuza baadhi ya diski zake za Red za namna hiyo, zilizokusudiwa masanduku haya haya, bila kuwaeleza wanunuzi, na ikabidi ikubali na kuandika orodha. Ukinunua, uliza namna ya uandishi: SMR ni ile ya mabati, CMR ni ile ambayo kila mstari una nafasi yake.

Mtego wa pili ulinikuta mimi. Nilinunua diski ya kwanza ng'ambo ya mpaka kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja. Ilikuwa ndani ya mfuko wake, inang'aa, mpya kabisa. Kijana akaiunganisha, akasoma daftari ambalo kila diski inajiandikia ndani yake, akaniita. Ilikuwa imezunguka saa 21,000. Gawanyeni kwa 24, ni siku 875, zaidi ya miaka miwili bila kulala. Nilirudi, mfanyabiashara akaapa, kisha akanirudishia nusu ya pesa. Wala si shida yetu peke yetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waandishi wa habari wa Ujerumani walionyesha kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, na daftari lao limefutwa. Ilifikiriwa kwamba nyingi zilitoka kwa watu wa China waliokuwa wanachimba sarafu ya kompyuta iitwayo Chia. Na wao wanaita kuchimba, ndugu zangu, wanakaa kwenye kiti mbele ya ukuta wa diski.

Diski ya pili tulinunua mahali pengine, mwezi mwingine, kusudi zisiwe ndugu wa tumbo moja. Zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuwa na kilema kimoja na kufa wiki moja.

Hivyo mwisho wa 2022 tulikuwa na kioo chetu. Komiti ilifurahi, nikatangaza kanisani kwamba vitabu vyetu sasa viko salama. Neno hilo lilinirudia.

Mwezi wa Agosti 2023 kijana mwingine, si yule fundi, alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka video za kwaya. Akaona jalada lililoandikwa "2014-2019", akadhani ni video za zamani zilizokwisha nakiliwa, akafuta. Fundi alipofika jumatatu nilimwambia bila hofu: "Toa diski ya pili, kwake hazijafutwa." Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Kioo, Papa Pasta. Ukijifuta uso, na yule wa ndani ya kioo anajifuta. Diski zote mbili zilikuwa zimetii amri moja kwa dakika moja.

Ningekuwa nimeuliza mapema, ningejua. Mwaka 1998, kwenye studio ya Pixar huko Marekani, walipokuwa wanatengeneza filamu ya watoto Toy Story 2, amri ya kufuta ilipigwa kwa makosa na sehemu kubwa ya kazi ikatoweka. Walikuwa na akiba, lakini walipoifungua ilikuwa haikamiliki. Aliyewaokoa ni mama mmoja wa kazi yao, Galyn Susman, ambaye alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa amezaa na alifanyia kazi kwake. Wakaenda kuichukua kwa gari, wakaibeba kama yai. Matajiri wale, na mashini zote zile, waliokolewa na nyumba ya mzazi.

Sisi vitabu vya miaka ile vilikuwa bado viko, vimekunjamana kwa tope. Tulivipiga picha upya, jumamosi tatu. Na hapo nilielewa kitu ambacho kijana alikuwa amenieleza tangu mwanzo nami sikukisikia, juu ya kupenda kioo changu: RAID inakulinda siku diski inapokufa. Siku mtu anapokosea, siku mwizi anapoingia, siku maji yanapopanda, haikulindi. Kazi yake ni kuhakikisha mashini haisimami. Akiba ni jambo lingine kabisa, nayo ni nakala iliyo mahali pengine, ambayo amri ya leo haiifikii.

Tukanunua diski mbili za nje, za kubeba mkononi. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza desturi ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Za kwetu: seva ofisini, diski moja nyumbani kwangu, na nyingine Baraka kwa mzee wa kanisa ninayemwamini. Mahali pa kuweka nako palileta mjadala. Wengine walitaka iwe kwa ndugu mwenye nyumba nzuri karibu na bandari ya Kalundu. Lakini mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda likaingia bandarini na ndani ya nyumba za watu, kwa maana Tanganyika inapokea mito mingi na maji yake yanatokea mlango mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Nikasema hapana. Akiba isikae chini ya mlima wala kando ya maji pamoja na mwenzake.

Kila miezi miwili fundi alikuwa anaijaza diski ya Baraka, na mimi ya nyumbani kila mwisho wa mwezi. Yeye alikuwa na desturi ya kuchagua kurasa kumi bila mpango na kuzifungua kabla ya kuifunga. Mimi wakati mwingine nilijaza tu, na mwezi wa Novemba 2025 sikujaza kabisa. Kulikuwa na mazishi, kulikuwa na semina, na nilisema nitafanya wiki ijayo.

Tarehe 10 Desemba 2025 vita iliingia Uvira. Sitaandika juu ya vita, wengi mliiona kwa macho yenu. Tulikuwa tumeondoka kabla kidogo, kwa mtumbwi wa mota, upande wa Burundi, watoto, godoro moja na mabegi. Diski ya nyumbani niliisahau kabisa. Aliyeikumbuka ni Mama Pasta. Aliifunga ndani ya kitenge, katikati ya nguo za watoto. Ziwa lilikuwa na mawimbi siku ile, maji yakaingia mtumbwini na begi likalala majini safari nzima. Tulipofika aliitoa, akaifuta kwa upindo wa kitenge chake kama anavyofuta pua ya mtoto. Haikufunguka tena. Mpaka leo haijafunguka.

Tuliporudi mwaka 2026, mlango wa ofisi ulikuwa umevunjwa. Viti vimekwenda, ngoma imekwenda, na seva imekwenda. Nani alichukua sijui. Diski zile mbili, zilizonunuliwa miezi tofauti, mahali tofauti, kusudi zisife pamoja, zilikuwa ndani ya sanduku moja, na aliyebeba sanduku alizibeba zote mbili.

Kuna jambo linaloniuma kuliko kupoteza. Ndani ya zile diski kulikuwa na majina ya watu, ya wazazi wao, na vijiji walikotoka. Mnajua katika nchi yetu jina na kijiji vinaweza kumfanyia mtu nini wakati mbaya. Fundi alikuwa ameniambia tangu 2023 kwamba programu ile ile ya bure inaweza kuzifunga diski kwa neno la siri, mwizi aone vumbi tu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kusahau, na neno la siri likipotea tutapoteza vyote. Ilikuwa jibu la uvivu. Neno la siri lingeweza kuandikwa na kukaa kwa wazee wawili, ndani ya bahasha. Nimewaomba radhi waamini siku ya ibada, na naandika tena hapa, kwa kuwa baadhi yao hawajarudi na gazeti hili huenda likawafikia mbele yangu.

Diski ya Baraka ilifika kwa lori, ndani ya mfuko wa unga. Ilijazwa mara ya mwisho jumapili tarehe 12 Oktoba 2025. Ikafunguka. Vitabu 31 viko, sauti za wazee ziko, hata zile jumamosi tatu za 2023 ziko. Siku ile fundi na mimi tulikaa sakafuni maana viti havikuwepo, tukamsikiliza mzee mmoja aliyefariki mwaka 2019 akieleza jinsi kanisa letu lilivyoanza. Analalamika katikati kwamba anataka chai.

Sasa komiti imeanza tena kuchangisha, na mabishano yamerudi. Kijana anataka kioo kipya. Mimi mara hii nasema hapana, hata RAID 1 tuiache. RAID ni ya hospitali, ya benki, ya mahali ambapo mashini ikisimama saa moja watu wanaumia. Ofisi yetu inafunguliwa siku mbili kwa wiki. Diski ikifa jumanne, tunaweza kungojea mpaka ijumaa tuirudishe kutoka kwenye nakala. Pesa ya diski ya pili ya kioo afadhali inunue diski ya nje ya tatu, ifungwe kwa neno la siri, iende mbali zaidi, labda Kigoma kwa ndugu zetu. Yeye anajibu kwamba seva ya akiba isiyo na kioo itakufa siku ile ile tunapohitaji kuitoa nakala, na kwamba nimekuwa mwoga wa kioo tangu 2023. Inawezekana. Hatujakata shauri.

Linalobaki ni yale majuma ya kati, tangu 12 Oktoba mpaka tulipoondoka. Kitabu cha karatasi cha miezi ile kiliibwa pamoja na meza. Kulikuwa na ndoa 3, hizo tumezipata zote, kwa kuwa wenye ndoa walikuwa na picha ndani ya simu zao na wakaja wenyewe. Na kulikuwa na ubatizo wa jumapili tarehe 23 Novemba 2025, ufukoni, watu 27. Karani na mimi tumekaa tukikumbuka sura, tumeuliza kwaya, tumeuliza wazazi. Tumeandika majina 19. Kama ulikuwa mmoja wetu asubuhi ile, au unamjua aliyekuwepo, popote ulipo, kariereni au ng'ambo ya ziwa, mwambie mchungaji wa mahali hapo atutumie jina, jina la baba na la mama, na mwaka wa kuzaliwa. Wanane bado.